Sura ya Sita: Kikaguzi Kimeridhika

Mtu aliyejifunza kuchapa kwa taipureta hamalizi aya kwa pigo moja. Hupiga mara mbili: la kwanza kufunga mstari, la pili kuacha nafasi. Alipohamia kwenye kompyuta mkono wake haukubadilika, na programu za kuandikia barua hazikumbughudhi. Ofisi ilipoamua kwamba matangazo yake yaanze kuwekwa kwenye tovuti, alifungua kihariri cha kurasa kana kwamba ni barua nyingine. Kichwa cha tangazo, Enter mara mbili. Aya ya kwanza, Enter mara mbili. Jina la mkuu wa ofisi, basi. Kwenye skrini kila kitu kilikaa alivyotaka.

Kilichoandikwa ndani ya faili ni habari nyingine. Kwa HTML, lugha ya alama inayobeba kurasa za tovuti, kila Enter ilizaa aya, yaani tagi ya p. Pigo la pili lilizaa aya isiyo na neno hata moja. Sasa kiwango cha HTML 4.01, kilichotolewa Desemba 1999, kiliwashauri waandishi wasitumie aya tupu, na kilivitaka vivinjari vizipuuze. Kihariri kingetii neno kwa neno, nafasi zote za mchapaji wetu zingemezwa, aya zikabanana, naye angesema programu ni mbovu. Angekuwa na haki ya kusema hivyo, maana aliomba nafasi na hakuipata.

Watengenezaji wakapata ujanja. Ndani ya aya tupu walitia alama moja ndogo, nafasi isiyokatika, ambayo kwenye faili huandikwa &nbsp;. Kikaguzi, yaani programu inayopima faili kama linafuata kiwango, kikiifikia aya hiyo hakiioni kuwa tupu tena, kwa sababu kuna alama ndani yake. Jicho la msomaji halioni kitu. Funika kombe mwanaharamu apite. Fungua faili za kurasa za zamani, za serikali, za magazeti, za vyuo, utakuta aya hizi zimejipanga moja baada ya nyingine, zimejazwa hewa ili zihesabike.

Nimeanza na hewa hiyo kwa sababu watu wakizungumzia viwango na vihariri, mara nyingi husimulia ugomvi kati ya wasafi na wazembe: upande mmoja wataalamu wanaojali kanuni, upande wa pili watumiaji wasiojali. Sikubaliani na simulizi hiyo. Kiwango kinauliza, "Hiki ni nini?" Mtumiaji anauliza, "Kitaonekanaje?" Ni maswali mawili halali, na kihariri kimesimama katikati bila kujua jibu la swali la kwanza, kwa kuwa aliyeketi mbele ya kibodi hajalisema. Kikilazimishwa kujibu, kitabuni. Na jibu la kubuni linalopita kwenye ukaguzi, kwa maoni yangu, ni baya kuliko kosa lililo wazi.

Mambo hayakuanza hivi. Tim Berners-Lee alipoandika programu yake ya kwanza ya wavuti pale CERN, mwaka 1990, aliipa jina la WorldWideWeb, nayo ilikuwa kivinjari na kihariri kwa pamoja. Ulisoma ukurasa, na kama ni wako, ukaubadilisha papo hapo; mitindo ya maandishi ulichagua kwenye menyu, tagi hukuziona. Lakini ilifanya kazi kwenye kompyuta za NeXT tu, na waliokuwa nazo walikuwa wachache. Kivinjari kilichoipeleka wavuti kwa watu wengi, Mosaic cha mwaka 1993, kilikuwa cha kusoma. Kuandika kukabaki kazi ya mkono: ulifungua programu ya maandishi matupu, ukanakili faili la mwenzako, ukabadilisha maneno, ukatumaini mema. Ukisahau kufunga tagi, ukurasa ulitokea vilevile, kwa sababu vivinjari vilisamehe karibu kila kitu. Kizazi kizima kilijifunza HTML chini ya msamaha huo.

Vihariri vya watu wa kawaida viliporudi, FrontPage na Navigator Gold kufikia mwaka 1996, Dreamweaver mwishoni mwa 1997, vilikuta mtumiaji ameshalelewa na Word. Alitarajia kitufe cha B kikoleze herufi, kitufe cha I kizilaze, na kitufe cha kusogeza aya kiisogeze ndani. Hakutarajia kuulizwa maswali.

Kitufe cha B kinastahili kutazamwa kwa karibu. HTML ilikuwa na tagi mbili zilizotoa herufi nzito: b, iliyosema tu kwamba herufi ziwe nzito, na strong, iliyosema kwamba maneno haya yatiliwe mkazo mkubwa. Kwa herufi za mlazo kulikuwa na i na em, ya pili ikimaanisha mkazo wa sauti. Kwenye skrini hazikuwa na tofauti. Miaka ya mwanzo ya 2000 ilivuma kampeni kubwa ya kuandika kwa maana badala ya sura, kampeni ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa na haki. Ajabu ni kwamba b na i hazikuwahi kupigwa marufuku na HTML 4; zilizowekwa kwenye orodha ya kuachwa ni ndugu zao kama font, center na u. Lakini sifa yao mbele ya watu ilikuwa imeshachafuka, na mtengenezaji wa kihariri hakutaka kuambiwa bidhaa yake imepitwa na wakati.

Basi kitufe kikabaki na sura ileile, herufi B ileile, na chini yake kikaanza kuandika strong. Kitufe cha I kikaanza kuandika em. Dreamweaver iliweka jambo hilo kwenye mipangilio, uchague mwenyewe tagi za maana zitumike mahali pa zile za sura au la. Mtumiaji hakuambiwa, na angeambiwa asingejali.

Fikiria mwalimu wa baiolojia anayeandaa somo la malaria. Anaandika Anopheles gambiae kwa herufi za mlazo, kama desturi ya sayansi inavyomtaka. Hakazii sauti, anafuata kanuni ya majina ya viumbe. Zamani kihariri chake kingeandika i, maana yake "laza herufi hizi", na hilo lilikuwa kweli. Sasa kinaandika em, maana yake "mwandishi anatilia mkazo hapa", na hilo ni uongo. Faili limekuwa la kisasa kwa kupoteza ukweli liliokuwa nao. HTML5 ilipokuja iliipa i kazi rasmi upya, na miongoni mwa mifano yake imo hiyohiyo: majina ya kisayansi, istilahi, maneno ya lugha nyingine, majina ya meli. Mtu aliyeandika MV Liemba kwa i mwaka 1998 alikuwa sahihi wakati wote, na waliomsahihisha ndio waliokosea.

Kusogeza aya ndani kulikuwa na kisa kibaya zaidi. HTML haikuwa na tagi ya kusogeza; ilikuwa na blockquote, ya dondoo refu lililochukuliwa kwa mtu mwingine, na vivinjari vililionyesha likiwa limeingia ndani kidogo. Vihariri vikaona njia ya mkato. Ukibonyeza kitufe cha kusogeza, masharti ya zabuni yako yanageuka kuwa dondoo la msemaji asiyejulikana. HTML 4.01 yenyewe ililiona jambo hili na kusema matumizi hayo yaachwe, mitindo ifanye kazi hiyo. Kitufe kikaendelea kwa miaka, kwa sababu kikaguzi hakina njia ya kujua kama masharti ya zabuni ni maneno ya kunukuu au la. Kinahesabu tagi zilizofunguliwa na zilizofungwa, kinatazama nani yuko ndani ya nani, kisha kinatoa rangi ya kijani.

Kulikuwa na jaribio la kufuata njia nyingine. W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti, pamoja na taasisi ya utafiti ya INRIA ya Ufaransa, walianza mwaka 1996 kutengeneza Amaya, kihariri kilichotunza hati kama mti wa vipengele na kukubali mabadiliko yanayolingana na kanuni. Kilikuwa kazi ya watu wenye akili nyingi, na toleo lake la mwisho lilitoka 2012. Lakini mtu aliyezoea karatasi nyeupe hapendi kuandika ndani ya mti. Anataka kufuta nusu ya orodha na nusu ya aya inayofuata kwa pigo moja, na hataki kuambiwa kwamba alichochagua si tawi kamili. Amaya haikuwahi kutishia soko la Dreamweaver. Sioni kama watumiaji walikuwa wavivu. Programu iliwadai fikra ambayo kazi yao haikuihitaji.

Wakati huohuo kiwango chenyewe kilizidi kukaza kamba. XML ilitolewa Februari 1998 ikiwa na sheria kali: programu ikikuta kosa la muundo, isimame, isikisie. Januari 2000 ikaja XHTML 1.0, HTML iliyovishwa nguo za XML. Kinadharia, duka lenye alama ya & kwenye jina lake, likiandikwa bila uangalifu, lingeweza kuzima ukurasa mzima na kumwachia mteja ujumbe wa kosa. Kiutendaji hilo halikutokea sana, kwa sababu ya kuchekesha: karibu kila mtu aliandika XHTML kisha akaipeleka kwa kivinjari kama HTML ya kawaida, nacho kikaisoma kwa msamaha uleule wa zamani. Internet Explorer, kilichotawala wakati huo, hakikuweza kuonyesha XHTML iliyotumwa kama XHTML hadi toleo la 9, mwaka 2011. Watu walijivunia usafi ambao hakuna kivinjari kilichoupima.

Mwezi Juni 2004, kwenye warsha ya W3C mjini San Jose, Mozilla na Opera, watengenezaji wa vivinjari, walipendekeza HTML iendelezwe ilivyo, pamoja na uchafu wake. Kura ya maoni ikalikataa pendekezo hilo. Siku chache hazikupita, watu wa Mozilla, Opera na Apple wakatangaza kikundi chao, WHATWG. Kazi waliyoianza haikuwa ya kifahari: kuandika, hatua kwa hatua, kivinjari kifanye nini kikikuta faili bovu. Ukifungua b, kisha i, halafu ukaifunga b kabla ya i, mti wa hati uweje? Zamani kila kivinjari kilikuwa na jibu lake. Sasa liko jibu moja, na utaratibu wake ulipewa jina la wakala wa kuasili watoto, kwa kuwa vipengele vinahamishwa kutoka kwa mzazi mmoja hadi kwa mwingine. Julai 2009 W3C ilitangaza kwamba kikundi cha XHTML 2 kitafungwa mwisho wa mwaka huo, na HTML5 ikawa kiwango rasmi Oktoba 2014.

Wabunifu wa HTML5 walijiwekea pia mpangilio wa nani asikilizwe kwanza maslahi yakigongana: mtumiaji, kisha mwandishi wa ukurasa, kisha mtengenezaji wa programu, kisha mwandishi wa kiwango, na mwisho kabisa usafi wa nadharia. Ni sentensi fupi, lakini kwa waliolelewa na XHTML ilikuwa kama kuambiwa imamu asimame safu ya nyuma.

Na kuhusu vihariri kiwango kilikiri jambo ambalo kanuni huwa hazikiri kirahisi, kwamba programu haiwezi kuujua moyo wa mtu. Kihariri kimesamehewa kutumia kipengele kwa kazi isiyo yake, lakini kwa kiasi tu ambacho hakiwezi kutambua nia ya mwandishi, na hakiruhusiwi kumshawishi mtu akosee. Rasimu za mwanzo zilithubutu kwenda mbali zaidi: ziliruhusu font, tagi iliyolaaniwa kuliko zote, mradi imewekwa na kihariri cha namna hii. Ruhusa hiyo ilifutwa baadaye. Mimi ningeiacha. Font angalau haidanganyi. Inasema rangi na ukubwa, na rangi na ukubwa ndivyo mtumiaji alivyochagua.

Mahali ambapo uongo unaumiza kweli ni kwenye picha.

Katibu anaburuta picha ya mkutano hadi kwenye ukurasa. Kisanduku kinafunguka: maelezo ya picha. Hana muda, anabonyeza Sawa. HTML 4 ilidai kila picha iwe na alt, maandishi ya kusimama badala ya picha kwa asiyeiona. Kihariri kifanye nini? Kina njia tatu. Kikiiacha alt, kikaguzi kitapiga kelele. Kikiandika alt tupu, kikaguzi kitanyamaza, lakini alt tupu ina maana yake: picha hii ni pambo, ipite. Kisoma-skrini cha mtu asiyeona kitairuka, naye hatajua kamwe kwamba palikuwa na picha. Kikiandika jina la faili, kikaguzi kitanyamaza pia, na msikilizaji atasomewa IMG, mstari wa chini, kisha tarakimu moja baada ya nyingine.

Katika njia hizo tatu, ya kwanza pekee ndiyo ya kweli: hatuna maelezo. Na hiyo pekee ndiyo iliyohesabiwa kosa. Watengenezaji walifanya ambalo yeyote angefanya mteja akidai kurasa zisizo na makosa. Wakajaza danganya toto. Wasioona ndio waliokilipia cheti cha ubora cha watu wengine.

WHATWG walilitambua na wakaweka kwenye kiwango sifa moja ya tagi ya picha ambayo sijaona nyingine ya ajabu kuizidi. Inaitwa generator-unable-to-provide-required-alt, herufi na vistari 40 kwa jumla, urefu ambao haumshawishi mtu yeyote kuiandika kwa mkono. Kihariri huiweka pale kilipokosa maelezo ya picha, kama kusema: nilipaswa kuwa nayo, sinayo. Kikaguzi kikiiona hakitangazi kosa. Sababu ni ya kibinadamu kabisa: kikilalamika, watengenezaji watarudia kubuni maandishi ya uongo ili kukinyamazisha. Faili bado halijafikia kiwango, lakini halidanganyi, na kisoma-skrini kinaweza kumwambia msikilizaji kwamba hapa pana picha isiyo na maelezo. Hapo kiwango kimejifunza kutoka kwa tabia ya watu badala ya kuwakaripia.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo la aina hiyohiyo ambalo halijapata hata ujanja wa kuliponya. Kila ukurasa hutangaza lugha yake kwa sifa ya lang. Kiswahili ni sw. Violezo vingi vinavyotumika kwetu vimetengenezwa kwingine na vimeandikwa en tangu kiwandani. Mtu anafuta maneno ya Kiingereza, anaweka yake ya Kiswahili kuanzia kichwa hadi chini, na en inabaki palepale, kwa sababu haionekani. Kanuni za muundo hazijavunjwa, maana en ni msimbo halali. Mtumiaji naye ameridhika, ukurasa unaonekana alivyoupanga. Sasa mtu asiyeona anaufungua, na kisoma-skrini, kikitii tangazo la ukurasa, kinachagua sauti ya Kiingereza na kuanza kuyatafuna maneno yetu kwa irabu za London. Mwongozo wa WCAG 2.0 wa mwaka 2008 umeiweka lugha ya ukurasa kwenye ngazi ya kwanza kabisa ya mahitaji, lakini mwongozo hauwezi kuingia ndani ya kiolezo na kubadilisha herufi mbili. Kihariri kingeweza. Kiswahili hakifichiki, aya moja yenye "kwa", "na", "ya" na "katika" inatosha kukifanya kiulize, mara moja tu, "Unaandika kwa Kiswahili?" Badala yake vihariri vinatumia werevu huo kupinda ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo, hata ukitafuta neno kwa ritifaa iliyonyooka huenda usilipate.

Sijagusa bado kitu kinachowasumbua watengenezaji kuliko mengine yote, yaani Enter yenyewe. Internet Explorer 5.5 ilileta mwaka 2000 uwezo wa kuhariri ndani ya kivinjari, vivinjari vingine vikauiga bila kuwa na kiwango kilichoandikwa. Matokeo yake pigo moja la Enter lilizaa p kwa mmoja, br (mkato wa mstari) kwa mwingine na div (kasha la jumla) kwa wa tatu. Firefox ilihamia kwenye div mwaka 2018, toleo la 60. Mtumiaji aliyeanza tangazo ofisini na kulimalizia nyumbani aliweza kuwa na aya za makabila mawili katika faili moja. Vihariri vya wavuti, kwanza CKEditor na TinyMCE, baadaye ProseMirror na wenzake, vilichoka kusubiri na kujenga kanuni zao za ndani; kwa ProseMirror na wenzake hata hati inatunzwa kwa muundo wa kihariri, na HTML inatolewa mwishoni kama risiti.

Watengenezaji wa WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, walifika huko Desemba 2018 kwa toleo la 5.0, ambapo kila aya ni kipande chenye mipangilio yake. Ni njia nzuri kwa mengi. Aya tupu ni rahisi kuzuia, na vichwa vya habari vinaweza kukaguliwa kwa mpangilio. Lakini jaribu kufungua msimbo na kuongeza rangi kwa mkono kwenye tagi ya p. Kihariri kinalinganisha ulichoandika na kile ambacho chenyewe kingeandika, kinaona tofauti, na kipande kinafunikwa na ujumbe kwamba kina maudhui yasiyotarajiwa au batili, pamoja na kitufe cha kujaribu kukirejesha. Ukipeleka mstari huohuo kwa kikaguzi cha W3C, utapita bila neno. Aliyeuandika anauona uko sawa, na kivinjari kinaionyesha rangi yake vizuri tu. Umekataliwa kwa sababu haukuandikwa na kihariri.